FamilySearch: rekodi ziko poa sana, ule mti sasa...

Kwa mnaouliza kama FamilySearch, ile saiti ya kutafuta ukoo na rekodi za zamani, inafaa kumtafutia babu aliyepotea kwenye makaratasi, inafaa tena sana, ila sio kwa namna wengi wanavyoitumia. Mtu anafungua akaunti (bure kabisa, hamna cha majaribio halafu baadae wanakata hela kwenye kadi), anaandika jina la babu, hatokei, anaandika tena, hatokei, basi anaondoka anasema saiti haina kitu. Kumbe hapo hata sebuleni hajafika.

Wenyewe ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale Wamormoni wa Utah, na hii kazi hawajaianza juzi, chama chao cha nasaba ni cha 1894, na 1938 wakaanza kupiga picha madaftari ya parokia, mahakama, sensa na kadhalika mpaka wakazunguka nchi kibao. Mikrofilamu (rola za filamu zenye picha ndogo ndogo za kurasa) zikafika kama milioni 2.4, zimetunzwa ndani ya mlima wa mawe karibu na Salt Lake City, na 2021 wakamaliza kuziweka kwenye mfumo wa kidijitali.

Sasa utamu uko hapa. Ukitafuta kwa jina unaletewa tu kurasa ambazo mtu au kompyuta ilishazisoma na kunakili majina, na kuna picha nyingi mno hazijanakiliwa. Hizo unaingia kwenye katalogi, unatafuta MAHALI badala ya jina, halafu unafunua ukurasa baada ya ukurasa. Macho yatauma sidanganyi, kuna makarani mwandiko wao utadhani kuku kapita na wino.

Mimi kuna bibi upande wa mama alinitesa sana. Kwenye ubatizo wa watoto yupo vizuri, mume anafariki, halafu yeye na watoto wote kimya, hamna kifo hamna kuhama. Nikaingia kwenye daftari la ndoa la parokia ya jirani, halijanakiliwa hata mstari mmoja, nikashuka nalo taratibu mpaka nikamkuta, kaolewa tena, karani kamwandika mjane wa fulani, na shahidi ni yule yule aliyesimamia ubatizo wa mtoto wake wa mwisho, ndugu wa marehemu mume. Watoto nao huko mbele wanaandikwa kwa jina la baba wa kambo. Yaani watu wako pale pale ila indeksi, yaani ile orodha ya majina yaliyonakiliwa, isingenipa hata kwa dawa. Kwa hiyo mashahidi, wasimamizi, majirani kwenye sensa, msiwaruke, mara nyingi wao ndio wanaojua aliyekimbia kaenda wapi.

Ukilazimika kutafuta kwa jina basi weka ? kwenye herufi moja yenye utata, au * kama ni herufi kadhaa, maana karani aliandika alichosikia. Na ile stori kwamba jina la mzee lilibadilishwa alipofika Ellis Island, kile kituo cha zamani cha kupokea wahamiaji New York, wanahistoria walishaikataa, maofisa walifuata orodha za meli zilizokuja na majina tayari, wengi walibadilisha wenyewe baada ya kuzoea maisha ya Marekani. Pia kuna rekodi hazipo na hakuna saiti itakayokupa, sensa ya Marekani ya 1890 iliharibika vibaya kwa moto wa 1921, na rekodi nyingi za Ireland ziliteketea Dublin 1922.

Kero sasa. Mti wa ukoo ni mmoja kwa dunia nzima na mwenye akaunti yeyote anaweza kumgusa babu yako (walio hai tu ndio wamefichwa), kwa hiyo unakuta mama kazaa akiwa na miaka 6 na hakuna aliyeshtuka. Bahati nzuri mabadiliko yote yanaonekana kayafanya nani na unaweza kurudisha, ila mtu kama hajaambatanisha chanzo mimi namchukulia kama tetesi tu. Kingine ni kile kialama cha kamera chenye ufunguo juu, maana yake picha ipo lakini mkataba na wenye madaftari hauruhusu uione nyumbani, nyingine mpaka uende kwenye kituo chao au maktaba inayoshirikiana nao. Inaudhi ila sio roho mbaya, ndio makubaliano yalivyo.

Tangu 2024 wameongeza kutafuta ndani ya maandishi ya mkono kwa akili bandia, walianza na hati za ardhi na mirathi za Marekani, na hii ni balaa, inamtoa hata mtu aliyetajwa kama jirani tu kwenye mpaka wa shamba. Inakosea kusoma, sawa, lakini picha iko pembeni unahakiki mwenyewe.

Rekodi nawapa 5 kati ya 5, mti 2. Saiti za kulipia nimeshatumia pia, kuna moja sitaitaja ilikuwa inanitumia vidokezo kila kukicha na vingi vimenakiliwa toka miti ya watu wasio na chanzo hata kimoja, kwa hiyo anzeni na hii, mkikwama kabisa ndio mtoe hela.