Rili ya kumtoa kambale kwenye matete: uzoefu wangu wa misimu miwili Nyumba ya Mungu

Kambale aliyenifanya nitafute rili nyingine, yaani kile kifaa cha kuzungushia uzi kwenye fimbo ya kuvulia, sikumwona hata mkia. Ilikuwa upande ule ambao Mto Ruvu unaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, mahali ambapo matete yanasimama ndani ya maji na mtumbwi unakwenda kwa pondo, kasia halina nafasi. Nilitupa chambo kwenye kidimbwi kisichozidi ukubwa wa mkeka. Uzi ukakazika, nikainua fimbo, nikazungusha. Mkono wa rili ukarudi nyuma karibu robo mzunguko kabla haujashika, fremu ya plastiki ikajipinda hadi nikaisikia kiganjani, na kwa muda huo mdogo samaki alikwishapita katikati ya mashina na kujiviringisha. Nikabaki navuta matete.

Mzee mwenye mtumbwi, ambaye amevua maji yale tangu ujana wake, aliniambia, "Mwanangu, kambale wa majanini unamtoa kabla hajajua amenaswa. Akishajua, huyo si wako tena."

Nilirudi nayo Moshi kauli hiyo. Kwa wiki kadhaa, kila jioni nilikuwa natazama video za watu wanaovua kwenye majani mazito. Karibu wote ni Wamarekani, na samaki wao ni besi wa mdomo mkubwa, ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini. Kwa huku kwetu, wa karibu ninayemfahamu yuko Ziwa Naivasha, Kenya, alikopandikizwa mwaka 1929. Besi na kambale hawana tabia moja. Besi anawinda kwa macho. Anaotea chini ya yungiyungi na kurukia kinachopita. Kambale anatembea na masharubu yake akifuata harufu, na kwa kuwa ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua, anaingia hadi kwenye tope la maji ya magotini ambako samaki wengine wanakosa pumzi. Ndiyo maana tunamfuata mle. Lakini ndoana ikishaingia, shida ya Mmarekani na shida yangu ni moja: una mita moja au mbili za kushinda, basi. Kwa hiyo nilichukua ujuzi wao wa besi nikaupeleka kwa kambale, na sijajuta.

Rili ninayoizungumzia ni ile ambayo bobini yake, yaani kile kigurudumu kinachobeba uzi, imelala kukingama na fimbo na inazunguka yenyewe uzi unapotoka. Wenyewe wanaiita beitikasta. Madukani kwetu zilizojaa ni za spining, zile zinazoning'inia chini ya fimbo, bobini ikiwa imetulia na uzi ukichomoka kwa mbele. Kwa perege sitaki nyingine zaidi ya spining. Kwenye matete inanishinda, kwa sababu uzi unapoingia kwenye bobini unapinda kona kwenye kijigurudumu kidogo, na nguvu yote ya kuvuta inaishia pale. Beitikasta inavuta moja kwa moja. Halafu dole gumba lako linakaa juu ya bobini chambo kikiwa hewani, hivyo unakisimamisha juu ya kidimbwi unachokitaka, si hatua tatu ng'ambo ndani ya majani.

Nimetumia tatu. Ya kwanza ndiyo hiyo ya plastiki. Nilinunua Sh 60,000 na boksi lake lilitangaza beringi 18. Nataka niseme wazi kuhusu hizo beringi, maana wengi wanadanganyika hapo kama nilivyodanganyika mimi. Beringi hazimtoi samaki majanini. Beringi nne au tano nzuri zilizokaa kwenye fremu isiyopinda zinashinda 18 zilizokaa kwenye plastiki. Fremu ikijipinda, gia zinaachana kidogo, meno yanasagana kwa ncha, na ule mzigo uliotakiwa umvute samaki unaliwa ndani ya rili yenyewe. Yangu iliisha meno kabla ya mwaka.

Ya pili niliazimwa na jamaa yangu wa Arusha: Abu Garcia Ambassadeur 6500, ile ya mviringo, ya ukoo ulioanzia Uswidi miaka ya 1950. Hiyo ni chuma kweli. Ukiishika unajua haijatengenezwa kwa mzaha, na kwa kambale mkubwa wa maji ya wazi, pale ambapo samaki anakimbia na wewe unahitaji uzi mwingi, ningeichukua kesho. Gia yake ni 5.3:1, yaani mkono ukizunguka mara moja, bobini inazunguka mara tano na kidogo. Ni gia ya nguvu. Mimi nilikuwa natafuta ya mbio.

Ya tatu, ambayo ndiyo nimebaki nayo, ni Shimano SLX ya mkono wa kushoto, gia 7.2:1. Ni ya umbo bapa, uzito wake hauzidi gramu 200, fremu ya chuma. Haipatikani hapa mjini. Niliagiza kupitia mtu anayeleta mizigo, na hadi kuishika mkononi ilikuwa imenigharimu Sh 340,000 hivi. Ni pesa nyingi kwa kitu kinachoenea kwenye kiganja. Nilijizuia kununua vitu vingine viwili ili niipate.

Kwa nini 7.2? Fanya hesabu hii mwenyewe. Bobini iliyojaa ina kipenyo cha milimita 34 hivi, kwa hiyo mzunguko wake mmoja unakusanya karibu sentimita 10.7 za uzi. Zidisha kwa 7.2, unapata sentimita 77 kwa kila mzunguko wa mkono. Bobini hiyo hiyo ingekuwa na gia ya 5.3 ungepata 57. Kwa mizunguko mitatu ya kwanza tofauti ni kama sentimita 60, na sentimita 60 kwenye matete ndizo zinazoamua kama kichwa cha kambale kiko juu ya maji au kiko nyuma ya shina. Zipo za 8 na zaidi. Nilijaribu moja ya mwenzangu; inakusanya haraka sana, ila ukiwa na samaki na furushi la majani kwa pamoja, mkono unakuwa mzito na kifundo cha mkono kinauma. 7 na kitu inanitosha. Kumbuka pia kwamba bobini ikiwa nusu, hesabu yote inashuka, kwa hiyo ijaze hadi ibaki nafasi ya milimita mbili tatu tu.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni dragi, yaani ile klachi inayoachia uzi samaki akivuta kupita kiasi ulichoweka. Maboksi yanashindana: kilo 8, kilo 10, kilo 12. Nilichukua mzani wa kuning'iniza, nikaufunga kwenye mwembe wa nyumbani, nikafunga uzi kwenye kulabu yake, nikasimama hatua kumi na kuvuta kwa fimbo ya mita 2.2 kama ninavyomvuta samaki. Nilitarajia mzani usome kilo 10. Ulisoma 4 na ushei. Nikajitahidi hadi kiuno kikalia, ukafika 5. Fimbo ndefu inakunyang'anya nguvu, ndivyo ilivyo. Kwa hiyo dragi ya kilo 12 kwenye boksi sitaitumia maisha yangu yote. Ninachokitaka ni ile inayoshika kilo 5 bila kutetereka, na ikilazimika kuachia, iachie polepole kama kamba inayopita kwenye mkono wenye sabuni. Rili ya kwanza nilipoipima kwenye mwembe huo huo ilianza kuachia kwenye kilo 3, tena kwa kushtuka: inashika, inaachia, inashika. Kila ikishtuka ndivyo ndoana inavyopanua tundu mdomoni mwa samaki.

Sasa mtu atauliza, kama navuta kilo 5 tu, uzi unaohimili kilo 23 au 30 ni wa nini? Ni wa matete. Uzi mwembamba unasagwa na makali ya majani, na ule wa kusuka ukiwa mwembamba unazama katikati ya tabaka za chini kwenye bobini wakati wa kuvuta, halafu ukitupa tena unakwama ghafla na chambo kinakatikia hewani. Mimi natumia wa kusuka wa kilo 23, na chini yake nimetanguliza mizunguko michache ya nailoni ya kawaida. Hiyo nailoni msiisahau. Uzi wa kusuka haung'ang'anii chuma. Bila nailoni chini, unazunguka wote kwa pamoja juu ya bobini na utadhani dragi imekufa. Nilihangaika Jumamosi nzima nikifungua rili isiyo na tatizo lolote kwa sababu hiyo.

Kuhusu mvurugo. Kila anayeogopa beitikasta anaogopa hilo, na ni haki yake. Chambo kikipunguza mwendo hewani na bobini ikaendelea kuzunguka kwa kasi ile ile, uzi unajimwaga ndani na kujisokota, na unaweza kukaa nusu saa ukifumua kwa ncha ya sindano. SLX ina breki ya vijipande vidogo ndani ya bobini vinavyosukumwa nje na mzunguko wenyewe: bobini ikienda kasi, navyo vinakandamiza zaidi. Nje kuna kitufe cha kuongeza na kupunguza, na pembeni kuna kifuniko cha kukaza bobini. Hicho kifuniko kinarekebishwa hivi: ning'iniza chubwi na chambo chako kwenye ncha ya fimbo, achia bobini, na kaza hadi mzigo ushuke taratibu na bobini isimame yenyewe chubwi ikigusa ardhi. Breki iweke juu kabisa, kisha ipunguze siku hadi siku. Mimi nilifanyia mazoezi kwenye uwanja wa mpira Pasua, alfajiri, wiki mbili, nikilenga tairi kuukuu kwa chubwi ya gramu 20. Watoto walinizoea. Usipeleke rili mpya majini kabla ya hapo, maana kwenye mtumbwi kuna upepo na kuna aibu mbele ya wazee, na utalaumu rili.

Chubwi chini ya gramu 10 haitoki vizuri, walau si kwa mkono wangu. Hiyo ndiyo mipaka ya aina hii ya rili, na ndiyo sababu spining yangu bado ipo. Pia bobini ni ndogo. Kama lengo lako ni samaki wa kukimbia mita mia kwenye maji ya wazi, hii si yako, tafuta ya mviringo. Na vipuri hakuna Moshi wala Arusha ninapopajua mimi, kwa hiyo naitunza. Vumbi letu ni la mlima, linasaga. Nikirudi naifuta kwa kitambaa chenye maji safi, simwagilii kwa bomba maana maji yanasukuma mchanga ndani. Tone moja la mafuta mepesi kwenye beringi, grisi kidogo kwenye gia kila baada ya miezi mitatu, na nyota ya dragi, ile ya kuikazia iliyo kwenye shina la mkono wa rili, nailegeza kabla ya kuihifadhi ili vibati vyake visibaki vimebanana.

Ukiwa dukani huna mzani wala mwembe, fanya mambo mawili. Bana fremu na kifuniko cha pembeni kwa vidole kwa nguvu huku ukizungusha. Ikizidi kuwa nzito, achana nayo. Kisha sukuma mkono wa rili kurudi nyuma. Ukisogea hata kidogo kabla ya kushika, huo mwanya ndio ulionikosesha yule kambale wa Ruvu. Muuzaji akikuhimiza, mwambie kwa upole, "Kaka, nipe dakika mbili niipapase." Mwenye mali nzuri hatakasirika.

Kabla hujatoka kwenda bwawani, pitia ofisi ya uvuvi kwa ajili ya leseni na uulize kama bwawa limefunguliwa, kwa sababu kuna vipindi linafungwa ili samaki wazaliane. Na usivue ukiwa umesimama majini kando ya matete. Mamba wapo.

Nimevua na SLX misimu miwili. Sijahesabu waliotoka, ila nakumbuka wa kwanza vizuri, asubuhi ya Agosti, kidimbwi kile kile cha Ruvu au jirani yake. Chambo kilikuwa kipande cha perege, ndoana imefichwa nyamani isikamate majani. Uzi uliposogea pembeni sikungoja. Niliinua fimbo na kuzungusha mara tatu bila kupumua. Kichwa kipana cheusi kikatokeza juu ya matete yaliyolala, kikateleza juu yake kama ubao hadi ubavuni mwa mtumbwi. Mzee akaweka pondo chini, akamshika nyuma ya miiba ya mapezi, akamtazama, kisha akaitazama rili. "Hii kidogo hivi?" akauliza. Nikampa aishike. Aliuzungusha mkono wake mara mbili mbele, akaujaribu kurudi nyuma, ukagoma. Akanirudishia akasema, "Haina mchezo," akachukua pondo na kutusogeza kwenye kidimbwi cha pili.