Barua mbili za enzi ya Qing, ukoo wa kifalme wa China: ipi uingie nayo darasani?

Barua ya Mfalme Qianlong wa China kwa George III, mfalme wa Uingereza, ya mwaka 1793, huwachekesha wanafunzi: China ina kila kitu, bidhaa za Waingereza za nini? Tatizo ni kwamba kicheko kikiisha, wanabaki na picha ya mfalme mwenye majivuno tu, na mwalimu ana kazi ya kuirekebisha.

Mimi huanza na ya Lin Zexu, afisa wa Qing aliyepambana na biashara ya afyuni, kwa Malkia Victoria wa Uingereza, 1839. Anauliza kwa nini watu wawaletee wenzao sumu ili wapate faida. Anadhani afyuni ni marufuku Uingereza. Kumbe huko iliuzwa waziwazi! Hapo darasa huwaka, na Vita vya Afyuni kati ya Uingereza na China, vilivyozuka mwaka uleule, havihitaji mhadhara mrefu. Ya Qianlong husubiri kipindi kinachofuata.