Mashine ya mkono ya kufyatulia tofali za kufungamana: uzoefu wangu Iringa

Iringa tofali ni ya kuchoma. Ukionekana unafyatua za udongo na simenti, majirani wanapita wanakuangalia kama mtu aliyeishiwa. Ila kuni za tanuru zimepanda bei, na ndicho kilichonisukuma kununua mashine ya mkono ya tofali za kufungamana, zile zinazopangwa bila simenti ya kuunganishia katikati. Nimepandisha nayo kuta za nyumba ya vyumba vitatu Mtwivila mpaka lenta.

Njia zilikuwa tatu. Mashine ya dizeli yenye haidroliki inatema tofali nyingi kwa saa, lakini bei yake ni ya mfanyabiashara, na vijana wa kuchekecha na kuchanganya wakizubaa kidogo tu inaunguruma bure ikinywa mafuta. Ya mkono inayotoa mbili kwa mkupuo ilinivutia mpaka nilipoivuta pale karakana: nguvu zako ni zile zile, sasa unazigawa kwa tofali mbili. Nikachukua ya tofali moja, shilingi 650,000. Babu wa mashine hizi alibuniwa Colombia miaka ya 1950. Kwetu, ya kufungamana imetangazwa sana na NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora, na siku hizi wachomeleaji wengi wanaiiga, wengine kwa kukadiria macho.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, achana na rangi. Pima kalibu, lile sanduku la chuma linaloshindiliwa udongo, kwa tepu kona hadi kona, vipimo viwili vilingane. Kisha waambie wafyatue tofali mbili mbele yako, panga moja juu ya nyingine, halafu igeuze ile ya juu, mbele iwe nyuma. Ikikaa vizuri upande mmoja na kucheza ukiigeuza, kalibu imepinda. Karakana niliyoanzia fundi aliniambia, "Zitakaa tu zikikauka, mkuu." Nikamuaga.

Kuvuta mkono wa mashine unajifunza asubuhi moja. Shughuli iko kwenye udongo. Ondoa ule wa juu wenye mizizi na mboji, chimba mwekundu wa chini, chekecha. Tia kiasi kwenye chupa yenye maji, tikisa, acha utulie: mchanga unatangulia chini, mfinyanzi unabaki juu. Mfinyanzi ukiwa mwingi tofali zitapasuka zikikauka, ongeza mchanga. Mimi natumia ndoo moja ya simenti kwa kumi za udongo, na mfuko wa kilo 50 unanipa tofali 60 na kitu. Maji napima kwa konzi: finya udongo uwe bonge, uachie kutoka usawa wa kifua. Ukipasuka vipande vichache, fyatua. Ukisambaratika wote, maji hayatoshi. Ukibaki bonge, yamezidi. Na changanya kidogo kidogo, kiasi cha kumaliza ndani ya nusu saa hivi, maana simenti iliyoshika maji haingoji mtu anywe chai.

Jambo ambalo muuzaji hakunigusia ni uzito. Mkono ukifika mwisho, tofali inatoka na kimo kile kile, uwe umejaza kalibu vizuri au umepunja. Kwa macho zote ni pacha, ila ile iliyopunjwa haikushindiliwa. Nilitia alama kwenye ndoo ndogo ya kujazia, na kila baada ya muda natundika tofali mbichi kwenye mizani ya kuning'iniza ya kupimia mahindi. Zangu, za sentimita 30 kwa 15 kwa 10, zinacheza kwenye kilo nane. Ikisoma saba na kidogo naivunja pale pale, inarudi kwenye lundo. Vijana walicheka mizani ile mpaka wakazoea, sasa wao ndio wanaoidai.

Kumwagilia siku saba, chini ya nailoni, si hiari. Upepo wa Iringa wa Julai unakausha uso wa tofali wakati ndani bado mbichi, na baridi nayo inachelewesha simenti kukomaa. Nilisubiri siku 28 ndipo fundi akaanza kupanga.

Lawama zangu ni mbili. Pini za mkono zinalika haraka usipopaka grisi kila asubuhi, na zikilika mkono unayumba, hata ushindiliaji unapungua. Bushi, yaani bomba fupi ambamo pini inazunguka, nilichongesha mjini, haikuwa shida. La pili ni kifuniko: kizito, hakina kizuizi, na kikirudi kinatafuta vidole. Nilimpa mchomeleaji aweke kipande cha nondo cha kukizuia, dakika chache tu.

Piga hesabu ya tofali 33 kwa mita moja ya mraba ya ukuta. Kama una nyumba nzima ya kujenga na udongo mwekundu upo kwenye kiwanja chako, nunua. Kama ni banda la kuku au chumba kimoja cha uani, kodi kwa mwenye nayo, na ukienda kuichukua beba tepu.