Chubwi za nyavu na migonzo: ipi ununue Mwanza, ipi uiache

Wavu ukishanunuliwa, maboya na kamba vikapatikana, mfuko huwa umebaki mwepesi na chubwi, yaani vizito vya kuzamishia wavu, bado. Hapo ndipo mtu anapoanza kutafuta cha bure: betri ya gari iliyokufa nyuma ya nyumba, jiko la mkaa na sufuria iliyotoboka, ili ayeyushe risasi ya betri iwe chubwi. Mwongozo huu nimeuandika hasa kwa ajili ya mtu huyo, kabla hajawasha moto. Zipo njia nne nzuri kuliko hiyo, na moja kati yake haina gharama kabisa.

Nazungumzia nyavu halali za makila (za kutega, zinazonasa samaki matunduni), migonzo ya sangara (kamba ndefu zenye ndoana nyingi) na mishipi ya mkono. Timba (nyavu za uzi mmoja wa plastiki) na kokoro (nyavu za kukokota hadi ufukweni) vimekatazwa, sitavitafutia chubwi.

Kwanza, usilinganishe bei kwa kilo ya dukani. Kinachovuta wavu chini ni uzito unaobaki kitu kikiwa ndani ya maji, na hapo vitu hutofautiana sana. Kilo moja ya risasi ikizama hubaki na gramu kama 910. Chuma hubaki na 870. Jiwe la miamba yetu hii ya Mwanza hubaki na 620 hivi, saruji iliyokauka na 570, na udongo wa kuchoma hubaki na nusu tu. Kwa hiyo ukitaka kamba ya chini ivutwe kwa kilo 10 za kweli, utahitaji risasi kilo 11, au chuma kilo 11 na nusu, au mawe kilo 16, au saruji kilo 17 na nusu, au udongo kilo 20. Hizo zote utazibeba mtumbwini, utazishusha na utazivuta juu kwa mikono alfajiri, upepo ukiwa umeshaanza.

Ukiuliza bei ya kilo, zidisha ya risasi kwa 1.1 na ya chuma kwa 1.15. Ukifika hapo ndipo unalinganisha.

1. Chubwi za risasi za dukani

Kwa wavu wa makila hizi naziweka mbele, hata kama bei yake inauma. Risasi ni nzito kuliko chuma kwa ukubwa uleule: kilo moja haifiki hata nusu kikombe cha chai. Kipande kidogo hakinasi kwenye matundu wakati wa kutega, na hakikwami sana kwenye miamba ya chini. Haipati kutu, na ni laini, unaibana kwenye kamba kwa plaizi ikakaa.

Zipo zenye tundu katikati na zenye mpasuo. Zenye tundu hupitishwa kwenye kamba kabla wavu haujaungwa, hazichomoki ovyo, lakini ikipotea moja huwezi kuirudishia bila kufumua. Zenye mpasuo unaziongeza au kuzipunguza wakati wowote. Mwenye wavu mmoja au miwili, na anayehama kati ya maji ya kina na maji mafupi, achukue zenye mpasuo. Ukizibana, usipige kwa nyundo. Bana taratibu mpaka midomo ikutane, kwa sababu makali ya mpasuo yakizama kwenye kamba yatakula nyuzi kidogo kidogo, na siku moja kamba itakatikia hapohapo.

Nunua nyingi nyepesi kuliko chache nzito. Chubwi kubwa zilizoachana mbali huifanya kamba ya chini ininginie katikati kama tumbo, na samaki wa chini hupita kwenye uwazi huo.

Jinsi ya kuikagua dukani: kwaruza kwa kisu. Risasi hung'aa kama fedha palipokwaruzwa, kisha hufifia ikikaa hewani. Isogezee sumaku, ikivutwa, umeuziwa chuma kilichopakwa rangi. Kama unanunua nyingi, nenda na chombo chenye alama za mililita. Tia maji, zamisha kilo moja ya chubwi, tazama maji yamepanda kiasi gani. Risasi safi itapandisha mililita 88 hivi. Zikifika 120 na kuendelea, hiyo siyo risasi. Muuzaji mwaminifu hatachukia ukipima mbele yake.

Onyo moja ambalo halisemwi vya kutosha mwaloni: usifunge chubwi kwa meno, na usimpe mtoto akufungie kwa meno. Risasi ni sumu hata ikiwa ngumu na safi mkononi. Nawa kwa sabuni kabla ya kushika tonge. Zihifadhi kwenye ndoo yake, siyo kwenye kapu la vyombo.

2. Nondo iliyokatwa

Hii ndiyo naishauri kwa mtu anayeanza. Hesabu yake ni rahisi kwa sababu uzito wa nondo unajulikana: ya milimita 10 ina gramu 617 kwa mita, ya milimita 12 ina gramu 888, ya milimita 16 ina kilo 1 na gramu 580. Kipande cha sentimita 10 cha nondo ya 12 ni karibu gramu 89. Ukipata vipande vilivyobaki kwenye ujenzi au kwa wauza vyuma chakavu, bei inashuka zaidi. Peleka kwa fundi wa kuchomelea mwenye mashine ya kukatia, mwambie akusagie ncha zote mbili ziwe butu. Usikubali akuambie utazisaga mwenyewe nyumbani, kwa sababu ncha kali moja inatosha kuchana makila.

Ubaya wake ni kutu na mbavu zile za nondo zinazokwaruza uzi. Dawa ni tyubu ya baiskeli iliyochakaa: kata kipande kirefu kuliko nondo, ivishe, funga ncha kwa uzi wa nailoni, kisha ifunge sambamba na kamba ya chini, siyo kuning'inia. Ikining'inia itazunguka na kuvuta matundu.

3. Mawe

Kwa migonzo na kwa nanga za ncha za wavu, mawe ni ya kwanza, siyo ya tatu. Hapo hutaki kitu kidogo. Unataka kitu kizito cha kukaa chini, na kikinasa kwenye mwamba ukikate bila kuumia moyo. Anayefunga risasi kwenye ncha ya mgonzo anatupa fedha.

Kwenye kamba ya chini ya wavu mambo hubadilika. Jiwe ni kubwa kwa uzito wake, hupita kwenye tundu wakati wa kutega, huvuta uzi, na ukitegua gizani utakuta mafundo. Ukilazimika, chagua mawe laini ya ufukweni yaliyosuguliwa na mawimbi, ya urefu wa kidole, yenye kiuno katikati pa kushika kamba. Kokoto za kupasuliwa zina makali, ziache kwa wajenzi.

4. Saruji na udongo wa kuchoma

Saruji iliyomwagwa kwenye makopo inafaa kwa nanga ya boya, basi. Udongo unavunjika ukigonga ubao wa mtumbwi, na vigae vyake hubaki vimenasa wavuni.

5. Kuyeyusha mwenyewe

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni kuyeyusha upya chubwi zako za zamani zilizopinda. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, moto mdogo unatosha. Mtu mzima, mahali pa wazi mbali na nyumba, upepo ukimpiga mgongoni, akiwa na viatu, glavu za ngozi na miwani, kwa sufuria ya chuma isiyorudi jikoni kamwe, anaweza kuifanya. Kila kitu kiwe kikavu kabisa, pamoja na kalibu ya kumwagia risasi. Tone moja la maji likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kurusha madini usoni. Kwa kipato cha chubwi chache, mimi naona heri uzipeleke kwa mnunuzi wa chuma chakavu na kuongeza fedha kidogo dukani.

La pili ni kuvunja betri. Hili lisifanyike nyumbani hata kidogo. Ndani ya betri kuna tindikali, na sehemu kubwa ya risasi yake siyo madini magumu bali ni uji uliokauka kwenye vibamba. Uji huo hauyeyuki ukawa chubwi. Unabaki kuwa majivu na vumbi, na vumbi hilo hukaa uani kwa miaka, kwenye mchanga anaochezea mtoto, kwenye nguo, kwenye dagaa walioanikwa jirani. Risasi humdhuru mtoto akili na ukuaji, hujificha kwenye mifupa, na humfikia aliye tumboni kupitia kwa mama. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kunywa maziwa baada ya kazi hakuiondoi mwilini.

Pale Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo risasi ya betri ilikuwa ikichambuliwa mchangani. Karibu nasi zaidi, wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hao walikuwa na kiwanda jirani. Wewe utakuwa nacho mlangoni kwako.

Kwa sababu hiyohiyo, usinunue chubwi za kuyeyushwa mitaani usizojua zilikotoka. Utazitambua kwa vishimo vingi juu, uchafu ulioganda ndani, na unga wa kijivu au wa njano unaobaki vidoleni. Bei yake ya chini imelipwa na familia ya aliyezitengeneza.

Betri iliyokufa iuze nzima, tindikali ikiwa ndani, kwa wanaonunua betri chakavu. Wengine wauzaji wa betri mpya hukupunguzia ukirudisha ya zamani. Fedha hiyo iongeze kwenye ununuzi wako: nondo ya kamba ya chini, mawe ya ncha mbili, na risasi chache zenye mpasuo za kurekebishia. Shusha wavu kwanza kwenye maji mafupi mchana, uone kama kamba ya chini inalala na maboya yamesimama, ndipo uende nao kina kirefu.