Vichezeo vya muziki vya mtoto mchanga: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Ukiingia Kikuubo, soko la Kampala, ukauliza kichezeo cha muziki cha mtoto, cha kwanza kuletewa ni kile chenye kelele kuliko vyote. Muuzaji atabonyeza kitufe, taa nyekundu na kijani ziwake, sauti nyembamba ianze kuimba mbio-mbio, naye akwambie, "Nnyabo, hii ina nyimba ishirini." Nyimba ishirini ni sifa ya redio. Mtoto wa miezi sita hazimsaidii kitu, maana hata hajui kama ni yeye aliyeziwasha.

Orodha hii nimeipanga kwa swali moja: nani anatoa sauti? Mtoto akitikisa kitu kikalia, akiacha kikanyamaza, hapo ana kazi ya kufanya, na ataifanya tena na tena mpaka mkono uchoke. Kichezeo kinachoimba chenyewe huku mtoto ameduwaa nimekishusha chini, hata kama kimetoka kwenye moli ndani ya boksi la kumeremeta. Swali hili si la kwangu peke yangu. Mwaka 2016 mtafiti Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, Marekani, alichapisha matokeo ya kusikiliza wazazi 26 wakicheza nyumbani na watoto wao wa miezi 10 hadi 16. Vilipotumika vichezeo vya betri, wazazi walisema maneno machache kuliko walipotumia vitabu au vichezeo vya kawaida, na watoto nao walijibu kidogo. Jaribu sebuleni kwako utaona: kitu kikianza kuimba, mtu mzima hunyamaza akingoja kimalize.

1. Manyanga na vikayamba vidogo

Hiki ndicho cha kununua kwanza, na wengi hawahitaji kingine mpaka mtoto aanze kukaa. Kuanzia miezi mitatu au minne mtoto huanza kushika kitu na kukipeleka mdomoni. Kwa hiyo tafuta chenye mpini mwembamba wa kuenea kiganja kidogo, chepesi kiasi kwamba kikimwangukia usoni hakitamuumiza, na kisicho na pembe kali. Vya kitambaa vyenye kengele ndani ni vizuri kwa miezi ya mwanzo. Vingine huvalishwa mkononi au mguuni kama njuga, na mtoto anaporusha miguu anagundua kwamba mlio unatoka kwake. Hakikisha tu kengele imeshonewa ndani, isiwe imening'inizwa nje kwa uzi.

Sasa, manyanga ya vibuyu, yale ambayo Waganda huyaita ensaasi. Yanauzwa kwenye maduka ya sanaa Buganda Road na mlio wake ni mtamu kuliko plastiki yoyote. Nayapenda, lakini mtoto mchanga simwachii mkononi. Kibuyu kikigongwa sakafuni mara chache hupasuka, na ndani yake mna mbegu ngumu za ukubwa unaotosha kabisa kumkaba mtoto. Baya zaidi ni yale yaliyopambwa kwa mbegu nyekundu zenye jicho jeusi. Mbegu hizo zina sumu kali zikitafunwa, na hapo usijadiliane na muuzaji, rudisha. Kibuyu kizima kisicho na mapambo kishike wewe, tikisa upande wa kushoto, ngoja mtoto ageuze kichwa, kisha hamia kulia. Mchezo huo unafaa hata kabla hajaweza kushika chochote.

2. Ngoma ndogo

Mtoto akishakaa bila kuegemezwa, mikono yake inakuwa huru, na kazi ya mikono iliyo huru ni kupiga. Ngoma ya ngozi ya kimo cha shibiri moja hivi inamtosha, na itamfaa hata akiwa na miaka mitano. Ukisafiri kwa barabara ya Masaka utaziona Mpambire, wilaya ya Mpigi, zimepangwa kandokando ya lami kuanzia za kukaa kiganjani hadi za kumzidi mtu kimo. Ukinunua pale unaweza kumwambia fundi unachotaka: ngozi ifungwe kwa kamba za ngozi badala ya misumari, na mbao zipigwe msasa vizuri mpaka ukingoni.

Kabla ya kulipa, inuse. Ngozi isiyokauka sawasawa hunuka, na mtoto ataiweka ulimi siku hiyohiyo. Pitisha kiganja pande zote ukitafuta vibanzi. Geuza, tikisa, sikiliza kama kuna kitu kinachogongagonga ndani.

Kama mfuko hauruhusu, jerikani la lita tano limo ndani ya nyumba tayari. Lile la mafuta ya kula lililooshwa kwa sabuni na maji moto linalia vizuri sana. Ondoa kifuniko, na usitumie lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya kunyunyizia shamba, hata ulioshe mara ngapi. Mpe mwiko mfupi wa mbao. Majirani watajua mtoto amekua.

Mdundo wa pamoja una faida ambayo imepimwa. Watafiti Christina Zhao na Patricia Kuhl wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliwachukua watoto wa miezi tisa, wakawapa vipindi 12 vya kupiga mdundo wa kuhesabu moja-mbili-tatu wakiwa na wazazi wao. Baadaye ubongo wa watoto hao ulitambua vizuri zaidi mpangilio wa sauti unapovunjwa, katika muziki na katika maneno pia, ukilinganishwa na wenzao waliocheza bila muziki. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Kilichofanya kazi pale ni mdundo na mtu wa kuupiga naye, na hivyo viwili havihitaji betri.

3. Mkeka wenye kinanda cha miguuni

Hiki ni cha betri, na bado nimekipa nafasi ya tatu. Ni mkeka laini wenye upinde wa vitu vya kuning'inia juu na kinanda upande wa miguu. Mtoto wa miezi miwili hadi sita akilala chali hupiga teke, kinanda kikalia, akapiga tena. Kwa nyumba zetu za sakafu ya saruji mkeka wenyewe ni nusu ya faida, kwa sababu utamlazia kifudifudi pia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto ambaye hajaanza kutambaa apate angalau dakika 30 za kulala kifudifudi kwa siku, akiwa macho, hata kwa vipande vipande. Kinanda kikiwa mbele ya uso wake badala ya miguuni, atainua kichwa kukifuata.

Chagua kinanda chenye hali ya kupiga noti moja kwa kila kitufe. Vingi vina swichi pembeni, upande mmoja nyimba nzima, upande mwingine noti mojamoja. Kama hakina swichi hiyo, kinashuka mpaka nafasi ya tano. Na kitambaa kiwe cha kufuliwa, kwa sababu zinazojulikana.

4. Marimba

Kuanzia miezi tisa hivi, mkiwa pamoja. Za mbao zinalia kwa upole, za bati hupiga kelele ya sahani na mara nyingi hazikupangwa sauti. Gonga kila kibao ukiwa dukani. Hatari iko kwenye kijiti zaidi ya marimba yenyewe: mtoto anayejifunza kusimama akianguka na kijiti mdomoni, ni hospitali. Mpe akiwa ameketi, na mkimaliza kihifadhi juu. Amadinda, marimba ya Buganda yenye vibao 12, hupigwa na watu watatu, na wapigaji hukaa pande mbili wakitazamana. Kaa hivyo na mtoto wako.

Akogo ya Teso, ile ya vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, na adungu ya Waalur, kinubi cha nyuzi, ziache kwanza. Vyuma vya akogo vinakata vidole laini.

5. Vibao, michemraba na meza za vitufe

Hapa ndipo pesa nyingi za Kampala zinapoishia. Si vibaya vyote. Kitu chenye kitasa cha kuzungusha, mlango wa kufungua na kengele ya kuvuta kitamfaa mtoto wa mwaka mmoja hata betri zikiisha. Tumia hicho kama kipimo: toa betri, ukitazame tena. Kama hakuna kilichobaki cha kufanya, umeshika redio ya plastiki.

6. Vya kuning'inia juu ya kitanda

Huku kwetu mtoto analala ndani ya chandarua, mara nyingi kitanda kimoja na mama yake, na kitu kinachozunguka hapo juu kinagombana na chandarua. Chandarua kishinde. Hata penye nafasi, kinatakiwa kuondolewa mtoto akianza kujiinua kwa mikono, kwenye miezi mitano hivi.

Nje ya orodha kabisa

Kile kigari cha kutembelea chenye meza ya muziki mbele. Najua kila nyumba ya tatu kipo, najua shangazi ndiye aliyekileta. Kanada imepiga marufuku kukiuza tangu 2004, kwa sababu kinampa mtoto mwendo asioweza kuumudu, anaporomoka nacho ngazini au anafika mahali ambapo hakutarajiwa. Sasa fikiria veranda yenye sigiri ya mkaa inayochemsha maharage. Wala mtoto hajifunzi kutembea haraka kwa sababu yake. Ng'oa ile meza ya muziki kama inatoka, mpe acheze nayo sakafuni.

Ukaguzi wa dakika tatu ukiwa bado dukani

Angalia boksi. Kuna duara lenye uso wa mtoto na namba 0-3, limekatwa kwa mstari mwekundu. Wengi huona namba wakadhani ni umri unaofaa. Ni kinyume chake: kina vipande vidogo, kisipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu. Alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, ikiwepo ni vizuri, ila usiache macho yako nyumbani kwa sababu yake.

Fungua sehemu ya betri. Kifuniko lazima kifungwe kwa skrubu. Kama ndani mna zile betri bapa za duara kama za saa na kifuniko kinafunguka kwa ukucha, kirudishe. Betri hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu.

Beba roli ya ndani ya karatasi ya choo. Kipande chochote kinachopita humo ni kidogo mno kwa mtoto mchanga. Kamba isizidi shibiri moja.

Mwisho washa, uweke sikio lako hapo mtoto atakapoweka lake, yaani karibu kabisa, maana mkono wake ni mfupi. Ikibidi upaze sauti ili muuzaji akusikie, ni kelele mno. Ukishakinunua na huna pa kupunguzia, bandika selotepu juu ya vitundu vya spika.

Ukipenda mivumba, yaani mitumba, soko la Owino kuna vichezeo vya Ulaya ambavyo vimebaki imara kuliko vipya vya boksi. Kagua kutu na unga mweupe kwenye sehemu ya betri, osha kwa sabuni, anika juani. Nenda na betri zako mbili-tatu mfukoni ili ujaribu palepale. Muuzaji akikataa kukufungulia, sogea meza inayofuata.