Vikapu vya matundu vya mimea ya bwawani: vimeyaweza mayungiyungi, vimeshindwa na Typha

Vikapu ninavyovisema ni vile vya plastiki nyeusi, vya mraba, vyenye matundu madogo kila upande, vinavyouzwa kwa ajili ya kupandia mimea ya majini. Lebo yake inajigamba kwamba vinadhibiti mizizi. Nimevitumia kwenye bwawa dogo la nyuma ya nyumba na kwenye kipande cha kinamasi kilicho kando yake, na nimepandia karibu kila nilichokuwa nacho. Lebo ile ni ya kweli kwa mimea yenye adabu. Kwa mimea jeuri, ambayo ndiyo inayomfanya mtu atafute kikapu, haina ukweli wowote.

Kwanza sifa vinazostahili. Kwa yungiyungi sijaona kitu kinachofaa kuliko kikapu hiki. Shina la yungiyungi la nchi za baridi hutambaa kwa mlalo ndani ya udongo, likienda mbele polepole, kwa hiyo ukililaza huku kitako chake kikigusa upande mmoja na jicho la kuchipua likitazama upande wa pili, linapata nafasi ya kutembea misimu kadhaa kabla ya kugota ukutani. Yale ya nchi za joto hukua yakijikusanya mahali pamoja, hayo yapande katikati. Matundu ya vikapu hivi ni madogo kiasi kwamba huhitaji kutandika gunia ndani, tofauti na vile vya zamani vya matundu makubwa ambavyo bila gunia udongo wote humwagika. Ndani weka udongo mzito wa mfinyanzi usio na samadi, usiweke mboji nyepesi ya vitalu, maana mboji huelea na virutubisho vyake huishia kulisha mwani. Juu tandaza kokoto ili samaki wasichimbechimbe.

Kikapu kikijaa, yungiyungi lenyewe litakuambia. Majani yanaacha kulala juu ya maji, yanaanza kusimama na kupandana, na maua yanapungua. Hapo unainua kikapu, unakata kipande chenye jicho zima, unakirudisha kwenye udongo mpya na kilichobaki unakitupa au unampa mtu. Kazi ya asubuhi moja, imekwisha.

Sasa tuje kwa Typha, lile jani refu lenye kichwa cha kahawia kilicho kama soseji iliyochomekwa kijiti. Shina lake la chini ya udongo hutoa ncha nyeupe, ngumu, iliyochongoka, na ncha hiyo haibishani na tundu la kikapu, inapita. Ikishapita ndipo balaa linapoanza. Ile sehemu iliyo nje inanenepa, na iliyo ndani inanenepa, huku plastiki ikiwa imebanwa katikati. Nilipojaribu kukitoa kikapu majini hakikutikisika, maana hakikuwa tena kikapu chenye mmea, mmea ulikuwa umeshakivaa. Ilibidi kuzama na msumeno wa kupogolea na kukata ncha moja moja kwa kupapasa, na kadhaa zilikuwa zimeshafika kwenye plastiki iliyotandikwa chini ya bwawa. Ncha kama zile zinaweza kuitoboa. Bwawa linalovuja polepole kutoka mahali usipopaona ni mtihani nisiomtakia mtu.

Mafunjo nayo ni hivyo hivyo, ila yanatumia nguvu zaidi kuliko ujanja. Mmea unaoweza kufika mita 4 kwenda juu una shina la chini nene kama mkono, na kikapu chembamba kinapasuka kwenye kona. Mnanaa wa maji hauhangaiki hata na matundu. Unaruka ukingo, unatambaa juu ya maji, na kila kifundo kinachogusa tope kinaota mizizi.

Kwa mimea ya aina hii nimehamia kwenye beseni nzito na ndoo pana zisizo na tundu hata moja. Hazina urembo, lakini ncha ikigonga ukuta inageuka, inazunguka, inabaki ndani. Ukipanda lotasi, chagua chombo cha duara, kwa sababu kwenye chombo cha mraba ncha zake hukwama konani na kuoza. Kule kinamasini nazika beseni ardhini huku nikiacha ukingo wake ukitokeza kama sentimita 5 juu ya udongo. Ukiufukia ukingo, umeijengea mimea hiyo daraja.

Jambo moja ambalo lebo ya kikapu haisemi, na ambalo limenisaidia kuliko kikapu chenyewe: Typha hukatwa chini ya maji. Majani na mabua yake, hata yaliyokauka, yana njia za hewa zinazoshusha oksijeni hadi kwenye mashina yaliyo topeni. Ukikata juu ya maji, kisiki kinaendelea kupumulia. Ukikata chini kabisa, maji yakabaki yamekifunika kisiki kwa muda mrefu, kilichozikwa kinakosa hewa na kufa. Kata mapema, kabla kichwa hakijaanza kupeperusha pamba yake, maana kichwa kimoja kinaweza kubeba mbegu zaidi ya laki moja na upepo hauulizi mpaka wa kiwanja cha nani.

Kuhusu mimea inayoelea sina haja ya kusema mengi, kikapu hakihusiki nayo kabisa. Gugu maji, Pistia, Salvinia na vile vijani vidogo vya Lemna havina habari na udongo wako. Hapo chombo ni wavu wa mkono na reki yenye mpini mrefu. Gugu maji, lililotoka bonde la Amazoni likaja kuusumbua sana mwambao wa Ziwa Viktoria miaka ya 1990, likipata joto na virutubisho linaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili hivi, na mbegu zake hukaa topeni miaka mingi zikingoja. Mimi silifugi kabisa, hata kwa ajili ya lile ua lake la zambarau, na nchi nyingi zimepiga marufuku kuliuza. Chochote kati ya hivi ukikitoa usikitupe mtoni wala mtaroni.

Reki nayo ina mipaka yake. Inafaa nyuzi za mwani na mimea inayoelea. Kwa Myriophyllum aquaticum, ule wenye majani kama manyoya, reki inaukatakata, na kila kipande cha shina kinakuwa mmea mpya. Huo ung'oe kwa mkono, taratibu, kuanzia mzizini, kisha pitisha wavu kuokota vipande vinavyoelea.

Usisafishe bwawa lote kwa siku moja. Natoa kama theluthi, naacha wiki kadhaa, narudi. Ninachotoa nakirundika ukingoni hadi kesho yake ili konokono na viluwiluwi vya kereng'ende warudi majini wenyewe, halafu ndipo kinakwenda kwenye shimo la mboji. Usikiache kiozee majini, kwani uozo unakula oksijeni, na alfajiri, wakati oksijeni imeshapungua kwa kawaida, utakuta samaki wamekuja juu wanahema. Wapo watakaokushauri dawa ya kuua magugu. Mbali na kwamba dawa nyingi hazikutengenezwa kwa matumizi ya majini, inaacha mzoga wa mmea mzima ukiozea humo humo. Afadhali upunguze chakula cha samaki na uzuie mbolea ya bustani isitiririkie bwawani, kwani fujo yote hii inalishwa na hizo.

Tukirudi kwenye vikapu, nina lalamiko moja lisilohusu mizizi. Vishikio ni dhaifu. Kikapu kilichojaa udongo ulioloa ni kizito kuliko mtu anavyodhani akiwa dukani, na sehemu ya ukingo inayopigwa na jua nje ya maji inakakamaa. Kimoja kilikatika kishikio nikiwa nimekiinua nusu, udongo wote ukamwagika, maji yakachafuka kwa siku kadhaa. Muuzaji alinibadilishia bila maneno mengi, ila kipya kina vishikio vile vile. Kwa hiyo kabla ya kutumbukiza napitisha kamba ya nailoni chini ya kikapu, pande mbili zikipishana, na ncha zake nazifunga kwenye kigingi kilicho nje, mahali ninapoweza kuzifikia bila kuingia majini.