Uzoefu wangu na upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula: unafanya kazi, ila ujue unafanya kazi gani

Huu ni mwaka wa tano natumia mfuko wa chakula uliopunguzwa. Swali ninaloulizwa zaidi ni kama upasuaji huu kweli unapunguza uzito. Unapunguza, tena sana. Lakini kazi yake kubwa ni kutuliza njaa, na utulivu huo una muda wake: mwaka mmoja, mwaka na nusu hivi, kisha njaa huanza kurudi taratibu. Anayelijua hilo tangu mwanzo huutumia muda huo kujenga ulaji mpya. Asiyelijua hushtuka mwaka wa tatu mizani ikipanda.

Kwanza niondoe mkanganyiko wa jina. Watu wengi husema "kukata utumbo", na utumbo hauguswi kabisa. Kinachokatwa ni mfuko wa chakula. Wala si puto, ambalo huwekwa kwa miezi kadhaa kisha likatolewa, wala si kunyonya mafuta. Hapa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huondolewa mwilini moja kwa moja, na hakuna daktari wa kuirudisha.

Kazi yenyewe hufanywa kwa kamera kupitia matundu madogo, mara nyingi manne au matano. Mrija wa kupimia, wenye unene wa milimita 12 au 13, hushushwa kupitia mdomoni hadi kwenye mfuko. Daktari huanza kukata na kufunga mkato kwa pini ndogo za chuma sentimita 4 hadi 6 kutoka kwenye mlango wa kutokea chakula, akipanda juu kwa kuufuata mrija huo. Kinachobaki ni bomba jembamba kama mkono wa shati, la mililita 100 hadi 150. Huchukua saa moja hadi mbili, na wengi hulala hospitali usiku mmoja au miwili.

Udogo wa bomba ni nusu tu ya maelezo. Kuba la juu la mfuko, ambalo huondolewa lote, ndilo linalotoa kwa wingi grelini, homoni inayoamsha njaa. Tena, chakula hupita haraka zaidi kuingia kwenye utumbo mwembamba, na utumbo hujibu kwa homoni za kushiba. Ndiyo maana miezi ya mwanzo mtu husahau kula, jambo ambalo hakuna mlo wa kujinyima unaoweza kulileta. Kwa kawaida mwaka wa kwanza huondoa asilimia 25 hadi 30 ya uzito wote wa mwili. Mwenye kilo 120 hupoteza kilo 30 hadi 36. Anayetaka zaidi ya hapo aufikirie upasuaji wa kuchepusha njia ya chakula (gastric bypass), ambao hupunguza zaidi kidogo.

Kabla ya kisu, usikubali kuruka wiki mbili za mlo wa kalori 800 hadi 1,000 kwa siku. Lengo lake ni ini. Tawi la kushoto la ini hufunika sehemu ya juu ya mfuko, na ini lenye mafuta huwa zito na huchanika upesi. Daktari akishindwa kuliinua, hawezi kuona anapokata. Sigara iachwe angalau wiki sita kabla, kwa sababu hupunguza damu inayofika kwenye mstari wa pini. Sukari na presha zipimwe upya, na anayekoroma sana apimwe kama pumzi humkatika usingizini. Pia kamera ya kupitia mdomoni, ya kuangalia umio (njia ya chakula kutoka kooni) na mfuko, ni lazima. Hospitali isiyoitaka mimi ningeiacha, na sababu nitaieleza kwenye kiungulia.

Wiki za mwanzo hupimwa kwa mililita. Siku mbili za kwanza ni maji na vinywaji vinavyoonekana ng'avu, kwa kikombe cha dawa cha mililita 30, kimoja kila dakika 15, funda moja moja. Kisha vimiminika vizito vyenye protini hadi mwisho wa wiki ya pili, vyakula vilivyosagwa laini wiki ya tatu na ya nne, vyakula laini vya kutafuna wiki ya tano na ya sita, na baada ya hapo chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Lengo la kila siku ni gramu 60 hadi 80 za protini na lita moja na nusu ya maji. Maji na chakula havikai pamoja: acha kunywa chakula kinapoanza, na subiri dakika 30 baada ya kumaliza.

Alama ya kushiba nayo hubadilika, na hili halielezwi vya kutosha. Usitafute tumbo kujaa. Inakuja kama kitu kinachokaza chini kidogo ya mfupa wa kifua. Wengine hutokwa na kamasi puani, wengine hupata kwikwi moja. Hapo weka kijiko chini. Kijiko kimoja cha ziada huleta maumivu makali kifuani, mate mengi mazito yenye povu, kisha kutapika. Mara nyingi kosa ni tonge kubwa au kula haraka. Nyama kavu na mkate mlaini ndivyo vinavyokwama zaidi. Mimi hupanga dakika 20 hadi 30 kwa mlo, na huanza na protini.

Sasa hatari, na hapa sipunguzi neno. Mstari wa pini unaweza kuvuja, mara nyingi juu kabisa karibu na umio, kwa sababu damu huko ni chache na shinikizo ndani ya bomba ni kubwa. Hutokea kwa mtu mmoja hivi katika kila mia. Mapigo ya moyo yakizidi 120 kwa dakika ukiwa umelala, homa, maumivu ya bega la kushoto, au kupumua kwa shida: yoyote kati ya hayo ni kurudi hospitali usiku huohuo, hata kama tumbo haliumi. Wengine huvuja baada ya wiki mbili au tatu, wakiwa wameshajiona wamepona. Damu kuganda kwenye mishipa ya miguu ni hatari nyingine, na ndiyo sababu ya kutembeza mgonjwa siku ileile na kumchoma sindano za kuzuia kuganda.

Kutapika kila siku si "kuzoea". Bomba linaweza kuwa limebana au limejipinda katikati, na huweza kupanuliwa kwa puto linaloingizwa kwa kamera. Lakini jambo la haraka zaidi kuliko kubana ni upungufu wa vitamini B1. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Mtu anayetapika kisha akaanza kuona vitu viwiliviwili, kuyumba au kuchanganyikiwa anahitaji B1 kwa sindano mara moja, na ipewe kabla ya dripu ya sukari, kwa sababu sukari humaliza ile kidogo iliyobaki. Ndugu wa mgonjwa walijue hili, maana mgonjwa mwenyewe hawezi kulieleza.

Nije kwenye kiungulia, udhaifu mkubwa wa upasuaji huu. Bomba ni jembamba na mlango wake wa chini umebaki vilevile, kwa hiyo shinikizo hutafuta njia ya juu. Na pembe ya asili kati ya umio na mfuko, iliyokuwa ikizuia tindikali, imeharibiwa na mkato. Utafiti wa Finland uliofuatilia wagonjwa 240 kwa miaka 10 ulikuta mchubuko wa umio kwa asilimia 31 ya waliopunguzwa mfuko, dhidi ya asilimia 7 ya waliochepushwa. Mwenye kiungulia kikali, mchubuko wa umio, au ngiri kubwa ya kiwambo cha moyo (sehemu ya mfuko kupanda kifuani) anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba kuchepusha kunamfaa zaidi. Kamera ile ya kabla ya upasuaji ndiyo inayoonyesha haya. Na kwa kuwa umio unaweza kuharibika bila dalili, kamera irudiwe baada ya miaka michache hata kwa asiyesikia chochote.

Kwa kisukari aina ya pili faida ni ya kweli. Katika utafiti wa Marekani uliotoa matokeo ya miaka mitano mwaka 2017, asilimia 23 ya waliopunguzwa mfuko walifikia HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu) ya asilimia 6.0 au chini, na asilimia 29 ya waliochepushwa. Waliotumia dawa peke yake walikuwa asilimia 5. Kadiri kisukari kilivyo kipya ndivyo nafasi inavyokuwa kubwa. Ila dawa zipunguzwe na daktari tangu siku ya kwanza. Insulini ya kipimo cha zamani hushusha sukari hatari mtu anapokula vijiko vinne, na vidonge vya presha huleta kizunguzungu.

Vitamini ni za maisha yote: vidonge mchanganyiko kila siku, B12 ya mikrogramu 350 hadi 1,000 kwa mdomo au sindano ya 1,000 kila mwezi, kalsiamu sitreti miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa dozi za 500 au 600, vitamini D, na chuma, hasa kwa wanawake wanaopata hedhi. Chuma na kalsiamu viachane saa mbili. Nywele hudondoka mwezi wa tatu hadi wa sita na kwa kawaida huota tena. Mawe ya nyongo huja na kupungua kwa kasi, hivyo uliza kuhusu ursodioli, dawa ya kuyazuia, kwa miezi sita. Diklofenaki na ibuprofeni niliziacha, parasetamoli hunitosha. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na kinga ya mimba ianze mapema, kwani uwezo wa kushika mimba hurudi upesi uzito unaposhuka.

Uzito hurudi kwa vile visivyokwama: aiskrimu, chokoleti, soda, biskuti zilizolainishwa kwa chai. Bomba haliwezi kuvizuia, vinateleza. Nikiona kilo tatu zimeongezeka hukagua hivyo kwanza, kabla ya kudhani bomba limetanuka.

Omba pia nakala ya ripoti ya upasuaji kabla ya kutoka hospitali: unene wa mrija uliotumika, umbali wa mkato kutoka mlango wa chini, na kama ngiri ilikutwa na kushonwa. Ikitokea baadaye unahitaji kamera, au kubadilishwa kuwa njia ya kuchepusha kwa ajili ya kiungulia, daktari mpya ataiulizia.